Nasaha juu ya Kamari na Kibali Chake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharimishia vilivyo vibaya, wala hakutunyima kitu kwa ubakhili bali kwa rehema. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyefanya biashara kabla ya kupewa Utume akajulikana sokoni kwa jina la Mwaminifu, na ziwashukie ahli zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zangu Waislamu, watu wa pwani, mlioko makwenu na mliotawanyika bara kutafuta riziki, sikilizeni neno hili hata mwisho wake. Likiwa ni kweli lishikeni, na likiwa na kosa nirudisheni, kwani dini ni kunasihiana.

SABABU YA KUANDIKA

Mwaka huu, wakati wa mavuno ya mahindi, nilisafiri kutoka pwani hata Mazwi, katika mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kwa njia ya Mbeya na Tunduma, na mwenye kutoka joto la bahari akafika huko mwezi wa saba hupokewa na baridi asiyoizoea. Wenyeji husimulia kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", yaani mgeni aingiapo auache uchawi wake nje ya mji. Nikasema moyoni: hili ni jina jema, laiti kila mji ungekuwa na neno la kumwambia mgeni autue mzigo wake mbaya kabla ya kuingia. Walakini sikujua ya kuwa mzigo nitakaoukuta huko umeingizwa na mtu wa kwetu.

Usiku wa pili, tulipotoka kusali Isha, nilimwona mtoto wa chuo, umri wake yapata miaka tisa, amesimama katika duka lililo karibu na msikiti, na mkononi ana sarafu. Ndani ya duka, baina ya magunia ya chumvi na madumu ya mafuta, imesimamishwa mashine yenye taa za rangi rangi, ile ambayo watu huiita dubwi. Hutiwa sarafu, taa zikazunguka. Zikisimama penye bahati hutema sarafu nyingi, na zikisimama pasipo bahati hunyamaza. Mtoto yule alikuwa ametumwa chumvi. Sarafu ikaingia, taa zikazunguka, mashine ikanyamaza. Akasimama kitambo akiitazama, kama mtu angojaye kurudishiwa chake. Kisha akaenda zake gizani, mikono mitupu.

Mwenye duka ni mtu wa pwani, mtu wa sala tano na mkarimu. Siku ile ile mimi nilikuwa nimekula kwake. Taa za msikiti ule, na mikeka yake mingi, zimetoka mkononi mwake. Nami, namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, nilinyamaza siku tatu, kwa kuwa chakula chake kilikuwa tumboni mwangu na ulimi ukawa mzito. Siku ya nne nikamwuliza, "Bwana, kitu kile dukani mwako ni cha nini?"

Akanijibu kwa upole, akasema, "Maalim, mashine si yangu, mwenyewe yuko mbali, huja mtu wake kufungua kisanduku tukagawana. Kibali kimebandikwa ukutani. Kodi hulipwa, na kodi ndiyo ijengayo shule na zahanati. Na nikiitoa mimi, jirani ataipokea kesho asubuhi."

Nikatoka kwake nikiyafikiri maneno hayo manne, nikaona kwamba si maneno yake peke yake, bali ni maneno ya Waislamu wengi, tangu Mazwi hata Tanga, Mombasa na Unguja. Kwa hiyo nimeyaandika haya. Si kumfedhehesha mtu, kwani jina lake sikulitaja wala sitalitaja, bali kuyajibu maneno manne kwa yale waliyotufundisha wanazuoni wetu.

KAMARI NI NINI

Kamari kwa Kiarabu huitwa maisiri. Wamesema baadhi ya wanazuoni ya kwamba neno hili limetokana na yusri, yaani wepesi, kwa kuwa mchezaji huitwaa mali ya mwenziwe kwa wepesi, pasipo jasho wala badala. Na maana yake katika sheria ni kila mchezo ambao wachezao huweka mali, na kila mmoja hawi ila mojawapo ya wawili: mwenye kupata mali ya mwenziwe, au mwenye kupoteza yake.

Basi hukumu haitazami jina. Karata za fedha ni kamari, dadu ni kamari, dubwi ni kamari, kasino yenye mazulia na vioo ni kamari, na kubashiri mipira kwa simu ya mkononi ni kamari. Hao wachezao kwa simu hukusanya mechi nyingi katika karatasi moja, wakaiita mkeka. Na mechi moja ikienda kinyume husema mkeka umechanika. Tazameni jinsi maneno yetu yalivyotekwa! Zamani mtu wa kwetu akisema mkeka wake umechanika, jirani alimletea ukili akaushona, akapata pa kusalia. Leo asemapo hivyo, maana yake ada ya mtoto imekwenda na kodi ya nyumba haipo.

Wala mtu asidhani kwamba dini imekataza kila shindano. Mashindano ya mbio za farasi na ngamia na ya kutupa mishale yana idhini katika hadithi, nayo yana masharti yake katika madhhabu yetu ya Imamu Shafii. Na mtu wa tatu akitoa zawadi kumpa mshindi, pasipo washindani kuweka mali yao, hilo si kamari. Kilichokatazwa ni mtu kula mali ya mwenziwe kwa batili, na hayo yameelezwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, pamoja na kuhalalishwa biashara ya kuridhiana.

Na katika Suratul-Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu ameiweka kamari safu moja na ulevi na masanamu na mishale ya kupigia ramli, akatujulisha kuwa hayo ni uchafu katika kazi za Shetani, na kwamba Shetani huyatumia kutia uadui na bughudha baina yetu na kutuzuia na dhikri na sala. Tazameni vema: hakutaja hasara ya fedha. Ametaja uadui na kupotea kwa sala, kwani fedha huenda ikarudi, ama mke aliyekwisha mchukia mumewe, na ndugu aliyekwisha mwita ndugu yake mwizi, kuwarudisha hao ni kazi ngumu.

Ama hasara ya fedha, akili peke yake yatosha kuiona. Tuseme mashine ni ya hisani sana, kila shilingi kumi itiwazo hurudisha tisa. Mtu aingie na shilingi 10,000, akizitia zote na kurudishiwa, kisha azitie tena zilizobaki. Mara ya kwanza zitabaki 9,000, ya pili 8,100, ya tatu 7,290, na ikifika mara ya saba hana hata 5,000. Wala hakuna aliyemwibia, na njiani amepata mara nyingi na kufurahi. Hiyo ndiyo hila yake: humla mtu hali anacheka. Mmoja atapata siku moja, na mji wote utamsimulia. Mia watakaokosa hawasimuliwi na mtu, kwa sababu kila mmoja wao huficha.

NENO LA KWANZA: MASHINE SI YANGU

Nalijibu kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Wajua nyote ile hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Maja kuhusu ulevi, ya kwamba laana haikumshukia mnywaji tu, bali na mkamuaji, na mchukuzi, na mwuzaji, na mwenye kula thamani yake, na wengineo, hata wakafika kumi. Wanazuoni wametwaa humo kanuni, ya kuwa mwenye kuisaidia haramu kwa kujua hushirikiana na mwenye kuifanya. Mwenye duka hutoa mahali, hutoa umeme, hutoa ulinzi usiku, na hugawana kilichomo kisandukuni. Akisema si yangu, amesema kweli juu ya chuma na taa. Ama yule mtoto aliyesimama pale, na sarafu yake, na chumvi ambayo haikufika kwa mamaye, hayo ameyashiriki.

Na tena, mtoto yule asingekwenda kasino. Hana njia ya kufika huko wala hangeruhusiwa mlangoni. Amekwenda dukani, pahali ambapo mama yake humtuma pasipo khofu, kwa kuwa mwenye duka ni Mwislamu na jirani wa msikiti. Amana ile ya jina ndiyo iliyompeleka mtoto mbele ya mashine.

NENO LA PILI: KIBALI KIKO UKUTANI

Hapa yatupasa tuseme kwa insafu, tusiizulie serikali. Katika Tanzania, mwaka 1967 ilitungwa sheria ya michezo hii ya kubashiri na bahati nasibu, na mwaka 1974 ikatungwa sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Kisha mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ikaanza kutumika mwezi wa saba mwaka ule, na kwa sheria hiyo ikasimamishwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Bodi hiyo ndiyo itoayo leseni za kasino, za mashine, za kubashiri mipira na za mengineyo, na sheria imekataza kumchezesha asiyetimiza miaka 18. Jirani zetu nao wana zao: Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, wamepandisha umri hata miaka 25, na Kenya, waliokuwa na sheria ya tangu mwaka 1966, wametunga mpya mwaka 2025.

Serikali ya nchi hii haitawali kwa dini. Watu wake ni wa dini mbalimbali, na huko Ufipa Wakristo ni wengi kuliko sisi. Kwa hiyo kibali maana yake ni moja tu: aliyenacho hatakamatwa na askari kwa kukitumia ipasavyo. Hakisemi kwamba kazi hii ni njema, wala hakisemi kwamba Mwenyezi Mungu ameiridhia. Baa nazo zina leseni ukutani, wala hatujamsikia Mwislamu mwenye akili akisema kwamba leseni imehalalisha ulevi. Basi ni kwa nini leseni ya baa haikuwa hoja kwetu, na leseni ya dubwi ikawa hoja? Jibu ni kwamba pombe hainuki vizuri dukani, na mashine haina harufu.

Tena tazameni jinsi wale waliozoea kuiruhusu kamari wanavyoijua hatari yake. Kule Ulaya iko nchi ndogo iitwayo Monaco, nayo ilifungua kasino yake mashuhuri ya Monte Carlo mwaka 1863, ikapata mali nyingi hata mwaka 1869 mtawala akawaondolea wenyeji kodi ya mapato. Walakini wenyeji wa Monaco wenyewe wamekatazwa kucheza humo. Mlango ni wa wageni. Na Singapore, walipokata shauri mwaka 2005 kuruhusu kasino, na zikafunguliwa mbili mwaka 2010, waliweka ada ya kuingia kwa raia wao na wakaazi wao wa kudumu, dola 100 za kwao kwa siku moja, na mwaka 2019 wakaipandisha hata 150, hali mgeni haitozwi. Na wakaweka njia, mke au mzazi akiona nyumba inaangamia, aombe jamaa yake azuiwe mlangoni.

Zingatieni hayo, ndugu zangu. Hao si Waislamu, wala hawakuiacha kamari kwa kumcha Mungu. Lakini kila mmoja, alipoileta, alijenga ua baina yake na watoto wake mwenyewe. Mtu hamjengei ua mnyama asiyeuma.

Na sisi, ua wetu u wapi? Sheria imesema miaka 18, nayo imesema vema. Lakini serikali haina jicho katika kila duka, na karatasi iliyo ukutani haimwoni mtoto. Aonaye ni mwenye duka. Yeye ndiye ua, na ua huo umekula ujira ili ulale.

NENO LA TATU: KODI HUJENGA SHULE

Hili ndilo neno zito kuliko yote, nalo laonekana jipya, hali ni la kale kuliko msikiti wowote wa pwani yetu.

Wameeleza wafasiri wa Kurani jinsi Waarabu wa zama za Ujahili walivyocheza maisiri. Ulipofika wakati wa baridi na njaa, wakubwa wa kabila walimtwaa ngamia kwa bei ya kukopa, wakamchinja, wakagawa nyama yake mafungu. Kisha huletwa mishale kumi, kila mmoja una jina lake. Saba ina mafungu, wa kwanza fungu moja, wa pili mawili, hata wa saba mafungu saba. Na mitatu haina kitu. Mishale hutiwa mfukoni, mtu mwaminifu akaitoa mmoja mmoja. Aliyetokewa na mshale wenye fungu alipata nyama. Aliyetokewa na mshale mtupu alilipa bei ya ngamia. Na walioshinda hawakula ile nyama, bali waliwapa mafakiri wa kabila, wakajisifu kwa hilo, wakamtukana asiyeingia mchezoni wakamwita bakhili.

Mwaona, ndugu zangu? Kamari ile ilikuwa na sadaka yake. Masikini walishiba kwayo katika miezi ya njaa. Angalikuwapo mwenye duka wetu, angalisema, "Maalim, nyama hii ndiyo ilishayo mayatima." Na angekuwa amesema kweli!

Wala Kurani haikukanusha hayo. Katika Suratul-Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu amekiri kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu. Kisha akatwambia ya kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Yaani ameweka mizani yenye vitanga viwili, akatia vyote viwili, wala hakuficha kimoja. Kisha ikaja aya ya Suratul-Maida ikakata neno.

Hiyo ndiyo siasa tunayoiomba kwa wenye kupanga mambo ya nchi: wapime kwa vitanga viwili. Kodi ya kamari ina daftari. Kila shilingi imeandikwa, na mwisho wa mwaka hutangazwa. Ama hasara yake haina daftari. Gunia la mahindi lililouzwa usiku pasipo mke kujua, halikuandikwa. Mtaji wa mchuuzi wa samaki ulioishia katika mkeka, haukuandikwa. Kijana aliyefungwa kwa kuiba simu ya jirani apate kurudisha alichopoteza, ameandikwa mwizi, hakuandikwa mcheza kamari. Basi akija mtu akasema faida ni kubwa kuliko hasara, mwulizeni: faida umeihesabu katika daftari hili; hasara umeihesabu katika lipi?

Na huko Ufipa jambo hili lina majira. Nchi ile ni ghala ya mahindi. Mkulima hungoja tangu mvua za mwezi wa kumi na moja hata mavuno, miezi mingi asione fedha, kisha fedha humjia kwa mara moja, na kwayo yampasa alipe mbolea, ada, dawa na nguo za mwaka mzima. Wenye mashine wayajua majira hayo kama kunguru ayajuavyo majira ya mbegu.

Nalisikia mtu akihoji kwamba kilimo nacho ni kamari, kwa kuwa mkulima hajui mvua itanyesha au haitanyesha. Huyo hajamwona Mfipa akilima. Desturi yao ya asili ni kuyazika majani katika matuta, yakaoza ndani, yakawa mbolea ya mazao. Hata nyasi haipotei kwake. Yeye hubahatisha mvua, walakini akipata, amezidisha chakula ulimwenguni, wala hakuna aliyelala njaa kwa sababu yeye amepata. Ama mcheza kamari hakipati kitu ila kimemtoka mwenziwe. Dunia haikuzidi hata punje moja.

NENO LA NNE: JIRANI ATAIPOKEA

Nalimjibu uso kwa uso, nikamwambia, "Bwana, akiipokea jirani, ataipokea kwa hesabu yake. Siku ya Kiyama kila mtu atasimama peke yake, wala hapana jirani wa kumsukumia." Lakini baadaye niliona jibu hilo ni nusu tu, kwani ni kweli kwamba mashine itahama, na mtoto atahama nayo. Kwa hiyo lapasa jibu la pili, nalo ni la jamaa, si la mtu mmoja. Ikiwa wenye maduka Waislamu walio karibu na msikiti watapatana wote kwamba hawaipokei, hapo hapana jirani wa kuipokea.

Na hili latuelekea sisi watu wa pwani kuliko wengine. Wazee wetu walifika nchi za Ziwa Tanganyika na misafara ya karne ya kumi na tisa. Tukisema kweli, watu wa bara walitujua kwa mambo mawili: waliona sala, na waliona minyororo. Wako walioingia katika dini kwa kuiona sala ya wafanya biashara wachamungu. Na wako walioichukia dini kwa kuiona minyororo ya watumwa na pembe. Hata leo twalipa deni la wale wa pili. Basi na sisi, tuliokwenda kwa motokari na barabara ya lami, tumechukua nini? Mfipa akimwona mtu wa kanzu na kofia amekaa nyuma ya dubwi, hatasema "huyu ni fulani." Atasema, "Huu ndio Uislamu."

YATUPASAYO KUFANYA

La kwanza, mwenye mashine dukani mwake aitoe kwa njia ya haki. Asiivunje, kwani ni mali ya mtu. Amwite mwenyewe, amrudishie, avunje mapatano yao. Wala mtu wa nje asichukue jiwe kwenda kuvunja cha mwenziwe akadhani amefanya jihadi. Huyo ameongeza dhuluma juu ya maasi.

La pili, mwenye kutubu na mkononi ana mali ya kamari, awarudishie wenyewe akiwajua. Asipowajua, na katika mashine hawajulikani, Imamu Ghazali ameeleza katika Ihyaa ya kwamba mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe hutolewa sadaka. Aitoe kwa nia ya kujitoa katika deni, asitumaini kusifiwa kwayo wala asiandikwe jina lake juu ya zulia. Na aliyemwambia mwenziwe njoo tucheze kamari, hata kabla ya kucheza, yamo katika Bukhari na Muslim maelekezo ya kwamba atoe sadaka. Ikiwa neno tu lina kafara, je, kitendo?

La tatu, ni la wazee wa misikiti. Msipokee kila kiletwacho kwa furaha ya kupata taa. Ulizeni kwa adabu na kwa siri. Msikiti wenye giza watu hujipapasa wakasali. Msikiti uliowashwa kwa sarafu za watoto, nuru yake itawashitaki.

La nne, ni la wazazi. Mfundisheni mtoto jina la kitu hiki kabla hajafundishwa na rafiki yake. Na kijana asiye na kazi msimlaumu tu. Mtafutieni kazi, mkopesheni mkopo mwema, kwani wengi huingia katika kubeti si kwa ulafi bali kwa kukata tamaa.

La tano, ni la raia. Tuna vinywa na tuna njia zilizo wazi. Katika mkutano wa mtaa, na mbele ya diwani, semeni pamoja na jirani zenu Wakristo, kwani nao wana watoto na hili ni shari letu sote. Ombeni mambo yaliyo wazi: mashine zisikae madukani ambapo watoto hutumwa, wala karibu na shule na nyumba za ibada, sheria ya umri isimamiwe kwa macho, si kwa karatasi, na jamaa wa mtu aliyezama wapewe njia ya kumzuilia mlango, kama wengine walivyofanya. Tusiseme kwamba serikali haisikii ilhali hatujapata kuiambia.

KHATIMA

Nilipoondoka Mazwi, alfajiri na mapema, nilipita mbele ya duka lile. Mlango ulikuwa umefungwa, na kwa upenyo wa mbao niliziona taa za mashine zikizunguka gizani peke yake, hapana mtu. Mwenye duka alikuwa ameniahidi kwamba mwezi ukiisha atamwita mwenye mashine waachane. Sijapata habari kama ameitimiza ahadi. Namwombea, naye ni ndugu yangu, na chakula chake nilikila. Naandika haya nikijua kwamba huenda yatamfikia, na nikimtaka radhi kwa zile siku tatu nilizomnyamazia, kwani kumnyamazia ndugu yako akitenda ovu ni kumdhulumu.

Na wewe usomaye, usiyachukue haya kumwelekea yule wa Mazwi peke yake. Tazama simu iliyo mfukoni mwako. Tazama baraza ya duka lako na umpangishaye. Wenyeji wa Ufipa wamewaambia wageni watupe uchawi mlangoni. Nasi tujiambie wenyewe, kabla hatujaambiwa na Mola wetu, tuitupe kamari.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitajie haramu yako. Wape wenye kutubu nguvu ya kutimiza, na wenye kutawala macho ya kuona, na watoto wetu walinzi wasiokula ujira wa kulala. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na ahli zake na sahaba zake. Amin.

Wabillahi ttaufiq.